SAE 40 kwenye Probox: Kisumu yakubali, je, Molo?

Mvuna_Viazi (Molo)
Wadau, hamjambo. Nina Toyota Probox ya petroli, injini 1NZ, kazi yake viazi. Inalala Molo, alfajiri na mapema iko barabarani, Mau Summit, Londiani, Kericho, na jua likianza kuchoma iko Kibuye inashusha magunia. Kilomita zimepita laki mbili na nusu.

Mwaka jana ilianza kula oili. Fundi wangu wa Kisumu akaniambia niachane na 5W-30, eti hayo ni maji, akamwaga yote na kuniwekea SAE 40, ile ya gredi moja. Nisiseme uongo, ulaji umepungua na injini ikiwa Kisumu inanguruma vizuri kabisa.

Shida ni huku nyumbani. Asubuhi nikipiga stata inazunguka kwa uvivu. Ikishika, upande wa cheni kunalia chakachaka sekunde kadhaa, na taa nyekundu ya oili inachelewa kuzima. Ikishapata moto, kimya. Shemeji yangu yuko Nakuru na anasema naiua injini. Fundi anasema niache tu ingurume kidogo kabla ya kuondoka. Nimfuate nani? Na tafadhali asitokee mtu wa kuniambia ninunue gari lingine.

Fundi_Kondele (Kisumu)
Omera, fundi wako alifanya kazi yake. Ningekuwekea hiyo hiyo. Injini imechoka, ringi zimelegea, nafasi kati ya beringi na krenki imepanuka. Ukimimina oili nyepesi inapita tu na kuungua, unabaki kuongezea kila wiki. Nzito inakaa. Magari ya hapa Kondele, Nyalenda mpaka Ahero yanatembea na 40 miaka na miaka, na sijaona moja limenoki kwa sababu hiyo. Yanayonoki ni ya wale wasiopima oili.

Jambo jingine ambalo watu wa intaneti hawasemi: hizi za gredi mbili zina dawa ndani ya kuzifanya zisilegee zikipata moto. Ile dawa inakatikakatika na matumizi. Baada ya muda, 40 yako inaweza isiwe 40 tena. SAE 40 haina hiyo dawa, kwa hiyo hakuna cha kukatika.

Bibi_wa_Fielder (Eldoret)
Nimevuta kiti. Fundi wangu hapa ana wimbo huo huo.

Dada_Spana (Nakuru)
Fundi Kondele, heshima yako, na hilo la dawa umesema kweli. Ni polima, na zinakatwa na msuguano wa pampu, gia za cheni na beringi. Ndiyo maana treni na meli nyingi zenye injini kubwa za dizeli bado zinatumia SAE 40 tupu hadi leo. Injini inayozunguka siku nzima kwa mwendo mmoja na haizimwi ovyo haihitaji oili ya kubembeleza baridi.

Lakini kuna kitu kimoja watu wengi hawakijui, na ndicho kiini cha swali la Mvuna Viazi. Kwenye gredi mbili, namba yenye W ni ya oili ikiwa baridi, ya mwisho ni ya ikiwa moto. SAE 40 si nzito kuliko 15W-40 injini ikiwa moto. Ni sawa. Kanuni ya SAE, chama cha wahandisi wa magari, wanaiita J300, inataka oili yoyote inayojiita 40 iwe kati ya 12.5 na 16.3 kwa kipimo cha sentistoki, yaani uzito wa oili inapotiririka, ikiwa nyuzi 100, iwe ina W au haina. Hata kile kipimo kingine cha nyuzi 150, cha oili ikiwa imebanwa ndani ya beringi, SAE 40 na 15W-40 zina kima cha chini kimoja, 3.7. Kwa hiyo kama 5W-30 ilikuwa nyepesi kwa injini iliyochoka, dawa ilikuwa kupanda kutoka 30 hadi 40. Hakukuwa na haja ya kuondoa W.

Tofauti iko kwenye baridi. Nimepiga hesabu kwa oili za kawaida, namba zako zinaweza kupanda au kushuka kidogo kutegemea mtengenezaji. Nyuzi 10, ambayo Molo asubuhi ni jambo la kawaida na Julai inashuka zaidi ya hapo, SAE 40 inafika kama sentistoki 1,100. 15W-40 iko karibu 630. 5W-30 iko karibu 280. Yaani injini iliyotengenezwa kwa 5W-30 unaiamsha na kitu chenye uzito karibu mara nne ya kile pampu yake ilichozoea. Stata ikizunguka kwa uvivu, hapo ndipo uvivu unapotoka.

Kamba_ya_Mkonge (Nakuru)
Kwa kifupi anaipa Probox uji wa wimbi uliolala, halafu anashangaa haunyweki.

Mzee_wa_504 (Njoro)
Vijana, sisi tuliendesha Peugeot 504 na trekta za Massey na SAE 30 au 40, na shamba liko juu huko Mau Narok, baridi ya kukausha masikio. Magari hayakufa. Ila semeni yote. Injini zile zilikuwa na nafasi kubwa ndani, hazikuwa na valvu za umeme zinazochezesha oili. Na tulikuwa na adabu: asubuhi unawasha, unakwenda kufungua zizi, unarudi ndipo unaondoka, na hukanyagi mpaka mshale wa joto uamke. Wazungu wenyewe huko kwao walikuwa wanabadilisha, nyepesi majira ya baridi, nzito majira ya joto. Hizi za gredi mbili zilipoenea kuanzia miaka ya 1950 kazi yake ilikuwa kuwaondolea huo usumbufu.

Wewe Mvuna Viazi unapita majira mawili kwa asubuhi moja. Kutoka Molo mpaka ziwani unashuka zaidi ya mita 1,300.

Fundi_Kondele (Kisumu)
Dada, hizo namba ni nzuri lakini ni za Molo. Mimi niko Kisumu. Hapa nyuzi 10 tunazisikia kwenye redio.

Dada_Spana (Nakuru)
Na hapo ndipo mimi na wewe hatugombani, fundi. Kisumu usiku wa kawaida ni nyuzi 17 au 18. Kwa nyuzi hizo SAE 40 inashuka hadi kama 600. Angalia tena hiyo namba: SAE 40 ya asubuhi ya Kisumu si nzito kuliko 15W-40 ya asubuhi ya Molo. Ndiyo maana unachokiona Kondele ni kweli, na anachokisikia mwenye Probox Molo ni kweli vilevile. Gari ni lile lile, oili ni ile ile, iliyobadilika ni kilomita za kupanda mlima.

Ila hata Kisumu nina neno na hiyo mikebe. Igeuze usome nyuma, pale pameandikwa API, kiwango cha ubora cha taasisi ya petroli ya Marekani. SAE 40 nyingi za bei nafuu zinaandikwa SF, au CD/SF, CF/SF. SF ni kiwango kilichotoka miaka ya 1980, na API wenyewe wanasema hakifai injini nyingi za petroli zilizoundwa baada ya 1988. Tatizo hapo si uzito. Ni dawa za kusafisha masizi, za kuzuia oili isigeuke lami, za kulinda vyuma visilike. Injini ya 1NZ ina VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, na VVT-i inaendeshwa na oili yenyewe: kuna valvu ndogo ya umeme inayoruhusu oili kusukuma gia ya kemu mbele au nyuma, na mbele ya valvu hiyo kuna kichujio cha wavu mdogo sana, unaweza kuufunika kwa ncha ya kidole. Uchafu ukiziba wavu huo gari linakosa nguvu mlimani, na ukichomeka mashine ya kusoma hitilafu unakuta P1349 au P0011. Kikaza cheni nacho kinasukumwa na oili. Ile chakachaka ya alfajiri inaweza kuwa cheni imelegea kwa sababu oili haijafika kwenye kikaza.

Rono_Gia_Mbili (Kapsabet)
Swali la mjinga. Kama oili ni nzito, mbona kwenye lori langu la zamani lenye saa ya presha mshale unapanda juu asubuhi? Si presha ikiwa juu injini inalindwa zaidi?

Dada_Spana (Nakuru)
Si la mjinga hata kidogo, ndilo linalowadanganya wengi. Saa inapima msukumo, haipimi oili ngapi imefika. Oili ikiwa nzito inakataa kupita kwenye njia nyembamba, presha inapanda, na pampu ina vali ya usalama inayofunguka na kurudisha oili kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Unaona mshale umesimama wima huku sehemu ya oili inazunguka chini kwa chini. Na filta pia ina vali yake: oili ikishindwa kupenya karatasi, vali inafunguka na oili inaruka filta. Asubuhi ya baridi na oili nzito, unaizungushia injini oili ambayo haijachujwa.

Boda_Busia
Na sisi wa pikipiki? Boxer yangu kuna mtu wa duka aliniuzia SAE 40 ya lori, akasema ni ile ile, bei nusu. Clutch haijateleza mpaka sasa.

Kinu_Malava (Kakamega)
Kabla hujajibiwa wa boda, na mimi niseme. Nina mashine ya kusaga mahindi, injini ya dizeli ya silinda moja, ile ya gurudumu kubwa la chuma. Inakula SAE 40 na sijawahi kuipa kingine, na aliyeniuzia alikuwa anaipa hiyo hiyo. Hata mizunguko 1,000 kwa dakika haifiki. Namwaga nikiona imekuwa nyeusi ti, nasafisha tundu, naweka nyingine. Huku Malava hakuna baridi ya kutisha, na huyo mnyama nikishamzungusha kwa mkono asubuhi anasaga mpaka jioni bila kuzimwa. Kwa hiyo msiitukane SAE 40 hapa ndani, inalisha watu.

Dada_Spana (Nakuru)
Hakuna anayeitukana, ndugu. Mashine yako ndiyo mahali pake hasa.

Boda: clutch ya pikipiki yako inaogelea kwenye oili ile ile ya injini. Zinazotelezesha clutch ni oili za magari zilizowekwa dawa ya kupunguza msuguano, hasa zile nyepesi za kuokoa mafuta. SAE 40 ya lori kwa kawaida haina dawa hiyo, ndiyo maana hujaona shida. Lakini Boxer imeandikiwa 20W-50, na injini ndogo inayopozwa na upepo, ukibeba abiria wawili na gunia la mahindi kwenye foleni ya malori mpakani, inachemka kuliko gari lolote humu. Tafuta 20W-50 yenye maandishi JASO MA, alama ya oili za pikipiki zenye clutch ya namna hiyo. Oili ya pikipiki ni lita moja na kitu, hapo unabana senti gani?

Boda_Busia
Senti za chai. Nimekuelewa lakini.

Mama_Sevisi (Kericho)
Naongeza lisilosemwa. Mnabishana 40 na 15W wakati nusu ya oili mnayonunua haijulikani ni nini. Mimi nina kibanda cha sevisi. Kuna watu wanapita kununua mikebe mitupu, na hawanunui ya kupandia maua. Mkebe unasafishwa, unajazwa oili iliyotumika na kuchujwa, unabandikwa kifuniko kipya. Ukifungua inanuka moshi, au rangi iko giza wakati mwenzake wa jana alikuwa rangi ya asali. Mimi nikimaliza kumimina natoboa mkebe na bisibisi mbele ya mteja. Wengine wanakasirika, eti walitaka wakawekee maji. Wakanunue mtungi.

Angalieni pete ya kifuniko kama imewahi kukatwa, angalieni namba ya toleo kwenye mkebe na kwenye boksi kama zinafanana, na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Oili ya ndoo inayopimwa kwa kikombe kando ya barabara hata iandikwe 40, ni 40 ya nani?

Mvuna_Viazi (Molo)
Asanteni wote, nimejifunza mpaka kichwa kinauma. Sasa nibaneni kwa vitendo. Ninunue ipi? Nikibadilisha, ulaji wa oili utarudi? Na naweza kuchanganya na iliyomo, maana nimebaki na lita kadhaa za SAE 40 ambazo hazijafunguliwa? Na hilo la kupasha moto, niache ingurume muda gani?

Dada_Spana (Nakuru)
Ungekuwa na gari jipya ningesema rudi 5W-30 kama kitabu kinavyosema, tumalize. Kwa injini ya umri huo inayokula oili, na inayolala Molo, ningechukua 10W-40, API SL au ya juu zaidi: SM, SN, SP. Ukiikosa, 15W-40 yenye kiwango hicho hicho itakufaa, ila chakachaka inaweza isiishe yote siku za baridi kali. Injini inabeba kama lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo mkebe wa lita nne unatosha na kinachobaki unaongezea njiani.

Kuchanganya: ukiwa umekwama Londiani na dipstiki imekauka, ongeza yoyote ya injini utakayoipata, bora oili kuliko kukosa oili. Lakini usifanye mchanganyiko kuwa mpango, maana hutajua tena una nini ndani.

Kungurumisha: usikae nusu saa. Injini ya petroli ikinguruma bila mzigo inapata moto polepole, na petroli isiyoungua inateremka kwenye oili. Subiri taa izime, mpe nusu dakika hadi dakika moja, kisha ondoka taratibu, usikanyage mpaka taa ya buluu ya ubaridi izime kama unayo. Ukiwa na magunia nyuma, ile miteremko ya kwanza isikudanganye ukaanza kukimbiza.

Ulaji wa oili hauponywi na oili, unafichwa. Simama nyuma ya gari mtu mwingine akiwasha asubuhi. Moshi wa buluu ukitoka mara moja kisha ukaisha, hizo ni sili za valvu, na hizo zinabadilishwa bila kushusha injini. Moshi ukifuata kila unapokanyaga mlimani, ni ringi, na hapo tuzungumze lugha nyingine ya pesa. Ukiona hakuna moshi kabisa, chungulia chini: gasketi ya kifuniko cha valvu na sili ya krenki zinavuja sana kwenye hizi gari na watu wanalaumu ringi.

Fundi_Kondele (Kisumu)
Sawa, 10W-40 siipingi, nilichokataa ni kuambiwa SAE 40 ni sumu. Mvuna Viazi, siku ukishusha mzigo Kibuye pita hapa. Kabla ya kumwaga oili tuutoe ule wavu wa valvu ya VVT-i tuuone, ni bolti moja tu. Kama umeziba, oili mpya haitasaidia. Na usikubali mtu akumiminie dawa ya kusafisha injini ndani ya sampu, gari la kilomita hizo likibanduka matope kwa ghafla yanakwenda kuziba kinywa cha pampu. Limeshatokea gari la mtu, nililifungua mwenyewe: wavu wa pampu umejaa kama chujio la chai, beringi zimeungua. Mwaga mapema mara mbili mfululizo, oili yenyewe itasafisha polepole.

Bibi_wa_Fielder (Eldoret)
Fundi, kwa hiyo mimi wa Eldoret niko kundi la Molo au la Kisumu?

Fundi_Kondele (Kisumu)
Mama, Eldoret ni mita 2,100. Wewe ni wa Molo, usibishe.

Mvuna_Viazi (Molo)
Mrejesho. Nimepita Kondele. Wavu wa valvu ulikuwa na matope ya kahawia, haujaziba wote, ukaoshwa kwa petroli na kurudishwa. Tumeweka 10W-40 API SN na filta mpya. Baridi ya asubuhi huku haijabadilika, ila stata inazunguka kama zamani na taa inazima mara moja. Chakachaka imepungua sana, bado inagusa kidogo asubuhi za ukungu. Fundi anasema kikaza cheni kimezeeka na ni cha kubadilishwa, tunapanga pesa baada ya msimu huu. Moshi ni wa mara moja tu ninapowasha, kwa hiyo ni sili. Ulaji uko pale pale ulipokuwa na SAE 40, au umepanda kijiko.

Shemeji wa Nakuru ameonyeshwa huu uzi na ameanza kutembea kifua mbele, Mungu anisaidie. Zile lita za SAE 40 ziko hapa, mkebe haujafunguliwa. Nani anazihitaji?

Kinu_Malava (Kakamega)
Mimi. Ukija Kisumu zipe matatu ya Kakamega, ziachwe steji ya Malava. Nipigie bei ya mtu na nduguye, na usinitobolee mkebe.